Flashi yako ni masjala ndogo: mfumo wa mafaili kama kanzidata



Leo tuweke pembeni siasa, na Simba na Yanga tuwape mapumziko. Kuna swali moja nimeulizwa kuliko maswali yote tangu nianze kushika kompyuta za watu: "Kaka, faili langu lilikuwepo jana, leo silioni. Limekwenda wapi?" Jibu fupi ni kwamba mara nyingi halijakwenda popote. Jibu refu ndiyo makala yenyewe. Ukilielewa utajua lini uendelee kutafuta na lini ukubali yaishe.

Nianze na kisa. Mwaka 2009 nilikuwa mhudumu wa kafe moja ya intaneti hapa mjini, hatua chache tu kutoka Jamatini. Jioni moja akaingia dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, yuko mwaka wa mwisho. Utafiti wake ulihusu wakulima wa zabibu. Alikuwa amezunguka Hombolo na Mpunguzi na madodoso yake wiki kadhaa, juani, na kazi yote ilikuwa ndani ya flashi moja aliyoivaa shingoni kama rozari. Nakala nyingine hana. Akiwa katikati ya kusevu, umeme ukakatika. Uliporudi, tukafungua folda yake ya UTAFITI tukakuta vioja: majina yenye alama za ajabu ajabu, na faili moja likidai lina ukubwa wa gigabaiti 2 ndani ya flashi ya gigabaiti 1. Bosi wangu akachungulia akasema, "Fomati tu hiyo, itakaa sawa." Dada wa watu akaanza kulia. Keshokutwa yake alitakiwa kuwasilisha.

Nikamwambia, "Dada, subiri kwanza, usibonyeze kitu." Mimi sikuwa fundi wa kusomea. Lakini nilikulia kwenye nyumba ya mtu wa masjala, na pale ndipo nilipopata akili ya kusubiri.

MASJALA YA BABA MDOGO

Kwa wasiojua, masjala ni kile chumba kwenye ofisi ya serikali ambako majalada yote yanatunzwa. Baba mdogo alifanya kazi masjala ya ofisi moja hapa Dodoma mpaka akastaafu. Nikiwa mdogo nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, na macho yangu yalikuwa kwenye makabati tu, kwa sababu yalikuwa makubwa. Yeye akawa anacheka. Ananiambia, "Haya makabati ni samani, mwanangu. Masjala ni ile pale," ananyoosha kidole kwenye daftari kubwa la jalada gumu juu ya meza. Rejesta.

Si umeshawahi kuona barua ya serikali, pale juu imeandikwa "Kumb. Na." halafu herufi na tarakimu na mikwaju? Ile ndiyo namba ya jalada. Kwenye rejesta, kila jalada lina mstari wake: namba, kichwa cha habari, tarehe lilipofunguliwa, liko kabati lipi, na kama limetoka, amelichukua nani na lini. Ndani ya jalada lenyewe kila karatasi ina namba yake, wanaiita folio, ili mtu akichomoa karatasi moja ijulikane. Halafu kuna masjala ya wazi na masjala ya siri. Mambo hayo yana sheria kabisa, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002.

Sasa fikiria rejesta imeungua. Karatasi zote zipo, hamna hata moja iliyopotea, lakini ofisi imekufa. Mtu akija kuuliza barua yake ya mwaka juzi, mtafukua makabati mpaka Krismasi. Geuza: karatasi zimeungua, rejesta ipo. Hapo unajua kwa uhakika kabisa umepoteza nini, na huna la kufanya. Ni misiba miwili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Bosi wangu alikuwa anataka kutibu msiba wa kwanza kwa kuwasha moto wa pili.

Kanzidata, wengine huita hifadhidata, ni hiyo hiyo rejesta: taarifa zilizopangwa kwa mistari yenye safu zilezile, pamoja na njia ya kuiuliza maswali na kupata jibu bila kufukua kila kitu. Tukisikia neno hilo tunafikiria benki au mitandao ya simu, mambo makubwa makubwa. Kumbe kila ukifungua "My Computer" ukabofya diski mara mbili, umeiuliza kanzidata swali, na yale mafaili unayoyaona ni jibu lake.

NDANI YA FLASHI

Diski yenyewe haijui faili ni nini. Flashi ni safu ndefu ya visanduku vyenye namba, kila kimoja labda kilobaiti 4, au 8, au zaidi kidogo. Kisanduku kinaitwa klasta. Kisanduku hakijui kama kimebeba CV yako au nusu ya wimbo. Anayejua ni rejesta.

Flashi nyingi za wakati ule, na nyingi hata leo, zinatumia mfumo unaoitwa FAT. Marc McDonald wa Microsoft aliutengeneza mwaka 1977, na toleo la FAT32 lilikuja mwaka 1996. Ni wa kizee, lakini kila kifaa kinauelewa: redio ya gari, deki, televisheni. Na ni mzuri kujifunzia kwa sababu ni mwepesi. Una madaftari mawili tu.

Daftari la kwanza ni orodha ya folda. Kila faili lina mstari wa baiti 32, haupungui hauzidi: jina herufi 8, kiambishi cha mwisho herufi 3 (ile DOC au MP3), baiti 1 ya sifa, kisha tarehe na saa, namba ya kisanduku cha kwanza, na ukubwa wa faili. Jina likiwa refu linaongezewa mistari ya pembeni. Folda nayo ni faili tu, ila ndani yake badala ya barua kuna mistari kama hii.

Daftari la pili ndilo jedwali la FAT lenyewe. Hili linasema kila kisanduku kinafuatiwa na kipi. Tuseme ZABIBU.DOC inaanzia kisanduku 120. Kompyuta inakwenda kwenye jedwali, mstari wa 120, inakuta "nenda 121". Mstari wa 121 unasema "nenda 305". Mstari wa 305 unasema "mwisho". Basi, faili limekamilika, mnyororo wa visanduku vitatu. Mstari wenye sifuri maana yake kisanduku kiko wazi, mwenye kitu aweke. Jedwali hili ni muhimu kiasi kwamba kwa kawaida linaandikwa mara mbili, nakala mbili pembeni kwa pembeni.

Ukishajua safu hizo, mambo mengi ya kafe yanajieleza yenyewe. Kwa nini filamu ya gigabaiti 5 inakataa kuingia kwenye flashi ya gigabaiti 16 iliyo tupu? Kwa sababu safu ya ukubwa ina baiti 4 tu, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa pale ni 4,294,967,295. Nafasi ipo, ila kwenye rejesta hakuna pa kuandika. Kwa nini picha za kamera iliyopoteza saa yake zinasema zilipigwa mwaka 1980? Kwa sababu safu ya mwaka inahesabu kuanzia 1980, na kamera isiyojua tarehe inaandika sifuri. Wateja walikuwa wanadhani ni kirusi.

KIRUSI CHA FOLDA

Tukizungumzia virusi, nani hakumbuki ile ya miaka ya 2007 hadi 2010 na kuendelea? Unachomeka flashi kwenye kompyuta ya kafe, unarudi nyumbani, unakuta folda zako zote zimegeuka programu yenye picha ya folda, au njia za mkato. Ukibofya, kirusi kinasambaa. Watu walifomati flashi kwa mamia, wakijua mafaili yameliwa.

Dalili ilikuwa wazi kwa mtu wa rejesta: folda hazionekani, lakini flashi bado inasema imejaa. Karatasi zipo basi. Kirusi hakikugusa barua hata moja. Kilikwenda kwenye ile baiti 1 ya sifa, kikawasha alama ya "iliyofichwa" na alama ya "ya mfumo", na Windows ikatii, ikaacha kuonyesha. Ni kama mtu ameingia usiku masjala akagonga muhuri wa SIRI kwenye kila jalada. Dawa yake ni kufuta muhuri. Kwenye lile dirisha jeusi la amri, kama flashi yako ni E, unaandika:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Unabonyeza, unasubiri, folda zinarudi zote kama zilivyokuwa. Kisha unafuta zile programu za uongo na kuskani. Amri hiyo bado inafanya kazi mpaka kwenye Windows za leo. Niliwahi kumfanyia baba mmoja mwenye picha za harusi ya binti yake akanishika mkono muda mrefu bila kusema kitu.

KUFUTA, NA KUHAMISHA

Ukifuta faili kwenye flashi ya FAT, barua haichanwi. Herufi ya kwanza ya jina inabadilishwa kuwa alama maalumu yenye maana ya "mstari huu umefutwa", na mnyororo wake kwenye jedwali unaandikwa sifuri. Maandishi yenyewe yanabaki kwenye visanduku mpaka mwingine aje aandike juu yake. Ndiyo maana kufuta gigabaiti nzima kunachukua sekunde wakati kuiandika kulichukua dakika nyingi. Na ndiyo maana programu kama Recuva, iliyotoka mwaka 2007, huwa inafanikiwa: mstari bado una namba ya kisanduku cha kwanza na ukubwa, kwa hiyo kama faili lilikaa kwenye visanduku vya mfululizo, linasomeka lote. Kama lilikuwa limetawanyika huku na kule, hapo inabahatisha. Kwa hiyo ukifuta kwa makosa, acha. Usisevu kitu kingine humo. Hata kuiweka Recuva yenyewe kwenye flashi hiyohiyo ni kosa.

Lakini hebu geuza upande wa pili. Wangapi mmeskani cheti cha kuzaliwa, pasipoti na vyeti vya shule kafe au steshenari, mkavituma kwa emaili, mkafuta kwenye "Desktop" mkaondoka mmetulia? Mmefuta mstari. Tena mara nyingi hata mstari hamkufuta, umehamia kwenye pipa tu. Nimekaa upande ule wa kaunta miaka mitatu, na niliyoyakuta kwenye mapipa ya kompyuta zile, acha tu. Skani moja kwa moja kwenda kwenye flashi yako kama mashine inaruhusu.

Kuhamisha nako kuna siri yake. Kata na kubandika kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, faili la gigabaiti 3 linahama kufumba na kufumbua. Hilohilo kutoka diski C kwenda flashi, utakunywa chai. Wa kwanza ni sawa na karani kuhamisha mstari kutoka ukurasa mmoja wa rejesta kwenda mwingine. Jalada halijainuka kabatini. Wa pili ni serikali kuhama Dar kuja Dodoma. Ilipotangazwa Julai 2016 kwamba sasa tunahama kweli, baada ya uamuzi uliokuwa umekaa tangu 1973, kila ofisi ilitakiwa kufunga vitu vyake na kusafiri kilomita zipatazo 450. Huwezi kuhamisha ofisi kwa kubadilisha anwani juu ya karatasi ya barua peke yake. Na lori likipinduka njiani (umeme ukikatika katikati ya "kata na bandika"), unataka nakala ya Dar iwe bado ipo. Kwa hiyo mimi nanakili kwanza, nahakikisha linafunguka, ndipo nafuta la mwanzo. Kata na bandika kwenda flashi sifanyi.

DAFTARI LA KARANI MAKINI

Hapa nipite haraka. Kompyuta zenye Windows kwa kawaida zinatumia mfumo mwingine kwenye diski C, unaitwa NTFS, uliotoka na Windows NT mwaka 1993. Huo ni kanzidata ya waziwazi kabisa. Kila faili lina rekodi kwenye jedwali kuu, kwa kawaida kilobaiti 1 kila rekodi, na faili dogo sana linakaa ndani ya rekodi yenyewe bila kuhitaji kisanduku. Hata jedwali kuu lenyewe ni faili lenye rekodi kwenye jedwali kuu.

Jambo kubwa la NTFS ni daftari la matukio. Baba mdogo alikuwa hakupi jalada kabla hajaandika kwenye kitabu cha kutolea: anaandika, ndipo anainuka. NTFS inafanya hivyo. Kabla ya kubadilisha rejesta, inaandika pembeni inachotaka kufanya. Umeme ukikatika, ikiwaka inasoma daftari: lile lilikamilika, hili halikukamilika, lirudishwe nyuma. Wataalamu wa kanzidata walikuwa na mbinu hii kabla mifumo ya mafaili haijaiga. FAT haina. Ila msidanganyike: daftari lile linalinda rejesta, halilindi aya uliyokuwa unaandika. Kompyuta itawaka salama na majalada yatakuwa kwenye mstari, na sura yako ya nne inaweza kuwa tupu.

KIWANJA NAMBA 15 NI CHA NANI?

Sasa tuje kwenye majina, maana huko ndiko watu wanajipotezea wenyewe bila msaada wa kirusi.

Wenyeji wa Dodoma tunajua habari za viwanja. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilipima mji huu tangu ilipoundwa mwaka 1973 mpaka ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kwenda halmashauri. Ukimwambia mtu "nina kiwanja namba 15", hujamwambia kitu. Kitalu gani? Eneo gani, Nkuhungu, Kisasa, Ipagala? Namba 15 zipo nyingi. Ukitaja eneo, kitalu na namba kwa pamoja, kinabaki kimoja tu. Watu wa kanzidata wanaita hiyo ufunguo: kitu kisichojirudia ambacho kinatambulisha mstari mmoja. Kwenye kompyuta ufunguo ni njia nzima, kuanzia diski, folda, folda ndogo, mpaka jina. BARUA.DOC mbili zinaweza kukaa folda mbili. Ndani ya folda moja haziwezi, na Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "barua" na "Barua" ni kitu kimoja. Ukisevu CV mpya juu ya CV ya zamani kwa jina lilelile, umeandika juu ya mstari uleule. Hakuna rejesta itakayokukumbusha ya zamani.

Na kwa kuwa mfumo unapanga kwa jina, jina ndiyo safu pekee unayoimiliki kwa uhakika. Tarehe inabadilika ukinakili nakili, ukubwa haukwambii kitu. Kwa hiyo weka ndani ya jina kile utakachokuja kuuliza. Tarehe ianze na mwaka, mwezi, siku: 2009-03-14. Ukianza na siku, tarehe 01-12-2008 itakaa juu ya 05-01-2008 na mpangilio wote unakuwa fujo. Zile "CV mpya", "CV mpya kabisa" na "CV mpya ya mwisho 2" nisizikute tena kwenye flashi ya mtu, tafadhali.

WIMBO WA ZAWOSE UKAE WAPI?

Mpaka hapa mtadhani mfumo wa mafaili ni kanzidata kamili. Hapana. Una udhaifu mmoja mkubwa, na nitaueleza kwa muziki.

Marehemu Hukwe Zawose, mzee wetu wa Kigogo wa zeze na ilimba aliyefariki Desemba 2003, alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996. Una wimbo mmoja wa albamu hiyo. Unauweka folda gani? Folda ya Zawose? Folda ya Dodoma? Muziki wa asili? Mwaka 1996? Zote ni sahihi, na faili linakaa folda moja. Ukinakili kote, umejaza flashi, na ukirekebisha moja nyingine tatu zinabaki na makosa. Baba mdogo alikuwa na shida hiyohiyo na barua ya mtumishi anayelalamikia kiwanja: iende jalada la mtumishi au la ardhi? Alikuwa anaiweka moja, na kwenye lingine anaweka kikaratasi cha kuelekeza.

Huo unaitwa mti, matawi ndani ya matawi. Mfumo wa mafaili wa matawi ulielezwa mwaka 1965 na watu wa mradi wa Multics huko Marekani, na baadhi ya kanzidata za kwanza kubwa za miaka ya 1960 nazo zilikuwa za mti. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi IBM, akaandika kwamba kuna njia bora: weka taarifa kwenye majedwali ya kawaida, halafu mtu aulize kwa safu yoyote anayotaka. Nipe nyimbo zote za 1996. Nipe zote za Wagogo. Nipe za Wagogo za 1996. Wimbo unakaa sehemu moja, maswali yanatoka pande zote. Kanzidata za dunia zikahamia huko, mafaili yakabaki juu ya mti.

Waliojaribu kuyashusha wapo. BeOS, miaka ya 1990, ilikuwa na mfumo wa mafaili uliokuruhusu kuongeza safu zako mwenyewe na kuuliza maswali. Mmoja wa waliouandika, Dominic Giampaolo, baadaye akaenda Apple, na mwaka 2005 Mac zikapata Spotlight, ile ya kutafuta. Microsoft nao walitangaza WinFS mwaka 2003, kwamba mafaili, emaili, anwani na picha vyote vingeulizwa kama kanzidata moja. Agosti 2004 wakaiondoa kwenye Windows iliyokuwa inakuja, na Juni 2006 wakaifuta. Mwaka 2013 Bill Gates alipoulizwa ni bidhaa gani ambayo haikutoka lakini angependa ingetoka, akataja kazi hiyo.

Kwa maoni yangu walishindwa kwa sababu mti, pamoja na ubaya wake, unabebeka. Flashi ya FAT unaichomeka kwenye redio ya daladala inasoma. Kanzidata yenye akili inataka kila kifaa kiwe na akili ileile.

Badala yake kilichotokea ni rejesta juu ya rejesta. Winamp ilikuwa inatengeneza orodha yake ya wasanii na albamu. Simu yako ya Android ina kanzidata yake ya picha na nyimbo, imejengwa kwa SQLite, programu ndogo ya Richard Hipp ya mwaka 2000. Ndiyo maana wakati mwingine unafuta picha kwa kompyuta halafu galari inaendelea kuonyesha kimraba cha kijivu: rejesta ya chini imefutwa, ya juu haijapata habari. Na zile status za WhatsApp ulizotazama, zipo kwenye folda inayoitwa .Statuses. Android ni ya ukoo wa Linux, na huko hakuna muhuri wa SIRI wa baiti. Kilichoanza na nukta kinafichwa, basi. Washa "onyesha vilivyofichwa" utaviona. Watengenezaji wa SQLite wamepima pia wakakuta kwamba vipande vidogo vya kama kilobaiti 10 vinasomeka kutoka kwenye kanzidata yao kwa kasi ya karibu asilimia 35 zaidi kuliko vikiwa mafaili peke yake, kwa sababu kila kufungua faili ni kwenda tena kumsumbua karani.

TURUDI KWA DADA WA ZABIBU

Majina ya ajabu na ukubwa usiowezekana vilinieleza kitu kimoja: ukurasa wa rejesta wa folda ya UTAFITI umeharibika. Takataka zinasomwa kama majina, takataka zinasomwa kama ukubwa. Lakini ule ni ukurasa wa daftari la kwanza. Daftari la pili, la minyororo, lilikuwa na nafasi ya kuwa zima. Yaani karatasi zipo, zimefungwa vizuri kwa mpangilio wake, ila hakuna mstari unaosema ni za nani.

Nikaandika chkdsk E: /f. Ikasema folda imeharibika, kisha ikakuta minyororo isiyo na mwenyewe ikauliza kama iigeuze kuwa mafaili. Hapo ukijibu N, visanduku vyote vinatangazwa wazi. Nilijibu Y, mkono unatetemeka. (Leo nisingethubutu kuanza hivyo. Ningechukua kwanza nakala ya flashi nzima, kisanduku kwa kisanduku, kwa programu kama ddrescue, nikatengeneza nakala. Siku ile nilikuwa na bahati.) Ikatokea folda iliyofichwa, FOUND.000, na ndani mafaili 23: FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea. Hayana majina. Rejesta haikuwa na namna ya kuyajua.

Tukakaa wawili, tunabadilisha moja moja kuwa .doc na kulifungua. La kwanza halikufunguka, kumbe lilikuwa wimbo. La pili barua ya kuomba nafasi ya mafunzo. La tano ilikuwa sura ya kwanza. Dada akapiga kelele wateja wakageuka. Sura ya pili ilikuwa FILE0011, ya tatu FILE0014, na jedwali la majibu ya wakulima wa Hombolo likatokea karibu na mwisho likiwa zima.

Sura ya nne, ile iliyokuwa inaandikwa umeme ulipokatika, ilikuwa na kurasa mbili kisha takataka. Akatoa madodoso ya karatasi kwenye mkoba, akayapanga juu ya meza, akaanza kuchapa upya. Mimi nikalala kwenye kiti. Asubuhi saa kumi na mbili akaniamsha kunionyesha: UTAFITI kwenye flashi, UTAFITI kwenye flashi ya pili aliyonunua kaunta, na nyingine amejitumia kwa emaili. Bosi alipofika akamtoza saa zote.